Dawa kwa Mama Mja Mzito na Mama Anyonyeshaye

Wanafunzi wenzangu, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nizungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaona si la wanafunzi. Najua wavulana watasema, "Hayo ni mambo ya akina mama wa kliniki." Lakini hebu tufikiri. Likizo ifikapo na mtu akaugua nyumbani, ni nani atumwaye dukani kununua dawa? Ni sisi. Na ile karatasi iliyokunjwa ndani ya kisanduku cha dawa, iliyoandikwa Kiingereza kwa herufi ndogo kama sisimizi, ni nani hupewa aisome? Ni sisi vilevile. Anayemsomea mwenzake karatasi ya dawa amebeba roho ya mtu. Na kama mwenye kuitumia ni mama mja mzito, amebeba roho mbili. Kwa hiyo yatupasa tujue, wavulana kwa wasichana.

DAWA HUMFIKIAJE MTOTO

Katika somo la Biolojia twafundishwa kwamba mtoto aliye tumboni hupata chakula na hewa kwa njia ya kondo la nyuma. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Zimetengwa na utando mwembamba. Zamani wengi walidhani utando huo ni kama boma lisilopitisha adui. Sivyo. Ni kama kifumbu cha kukamulia nazi: chicha hubaki, tui hupita. Chembe kubwa, kama za insulini, hupita kwa shida sana, na hiyo ni sababu moja insulini hutumiwa kumtibu mama mja mzito mwenye kisukari. Lakini chembe za dawa nyingi, na za pombe pia, ni ndogo, nazo hupita kama tui. Zikishapita zamkuta mtoto ambaye ini lake na figo zake bado ni changa, wala haziwezi kuitoa dawa mwilini kama za mtu mzima.

Jambo la pili ni wakati. Tangu juma la tatu hadi la nane baada ya mimba kutungwa, ndipo viungo vya mtoto huumbwa: moyo, mikono, miguu, macho na masikio. Dawa yenye madhara ikiingia wakati huo yaweza kuharibu umbo lenyewe. Baada ya hapo hatari hupungua lakini haiishi, maana ubongo, meno na figo vingali vikikua. Na tazameni ugumu wake: katika majuma hayo ya kwanza akina mama wengi hawajajua kuwa wamepata mimba. Basi mwanamke anayedhani huenda ni mja mzito yafaa amwambie mganga kabla ya kupokea dawa, si baada.

FUNZO LA MWAKA 1961

Mwaka 1957 kampuni ya Chemie Grünenthal huko Ujerumani ya Magharibi ilianza kuuza dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi, kwa jina la Contergan. Ilisifiwa kuwa haina madhara, ikauzwa bila cheti cha daktari, na akina mama waja wazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Baadaye wakaanza kuzaliwa watoto wenye mikono mifupi mno, au wasio na mikono kabisa. Daktari Widukind Lenz wa Hamburg na Daktari William McBride wa Sydney, kila mmoja mahali pake, wakatambua kuwa mama za watoto hao walikuwa wametumia dawa ile ile. Novemba 1961 dawa ikaondolewa madukani Ujerumani. Watoto walioathirika duniani walizidi 10,000, na wengi walikufa wangali wachanga.

Katika Marekani watoto wa namna hiyo walikuwa wachache mno. Daktari Frances Kelsey, mwanamke aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa mwaka 1960 katika idara ya serikali inayokagua dawa, aliletewa maombi ya kuidhinisha dawa hiyo. Wenye kampuni walimhimiza mara kwa mara. Naye akajibu kila mara kwamba uthibitisho haujatosha. Mwaka 1962 Rais Kennedy alimpa nishani. Kazi yake ilikuwa kuuliza swali na kungoja jibu.

Na dawa ile haikutupwa. Hata leo hutumiwa, kwa ulinzi mkali, kutibu aina fulani ya saratani ya uboho, na vivimbe vyenye maumivu vinavyowapata baadhi ya wagonjwa wa ukoma. Hivyo tusiulize tu kama dawa ni nzuri au mbaya. Tuulize ni ya nani, ya wakati gani, na kwa kipimo gani.

DAWA ZILIZO KARIBU NASI

Sasa turudi nyumbani. Nitataja chache tu zinazopatikana madukani kwetu.

(1) Dawa za maumivu. Parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa na kwa siku chache, ndiyo ambayo waganga huichagua kwanza kwa mja mzito mwenye homa au maumivu. Lakini ibuprofeni na diklofenaki si za kujinunulia. Tangu juma la 20 zaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka, na katika miezi ya mwisho zaweza kufunga kabla ya wakati mshipa ulio karibu na moyo wake. Asprini nayo si ya kujinunulia, ingawa daktari humpa kwa kipimo kidogo mama aliye katika hatari ya kifafa cha mimba.

(2) Tetrasaiklini, na nduguye doksisaiklini. Hizi huingia katika meno na mifupa inayojengeka, na meno ya mtoto huweza kuota yakiwa na rangi ya manjano au kahawia isiyotoka kwa mswaki.

(3) Dawa za malaria. Hapa watu wengi hukosea kwa upande wa pili, kwa kuogopa dawa kuliko ugonjwa. Vijidudu vya malaria hujificha katika kondo la nyuma, vikamwishia mama damu, na mtoto akazaliwa mdogo au mimba ikaharibika. Ndiyo maana kliniki humpa mama vidonge vya SP tangu juma la 13 na kuendelea, kila dozi ikipishana na nyingine si chini ya mwezi mmoja, dozi tatu au zaidi. Anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya virusi vya Ukimwi hapewi SP. Na akiugua malaria yenyewe hana budi kupimwa na kutibiwa upesi. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali dawa mseto ya artemeta-lumefantrini itumike hata katika miezi mitatu ya kwanza.

(4) Miti shamba. Bibi zetu wana maarifa mengi, wala siwadharau. Lakini kuwa kitu kimetoka porini hakukifanyi kuwa salama. Hata muhogo mchungu umetoka ardhini. Baadhi ya mizizi na majani hukaza tumbo la uzazi, na hakuna kipimo kilichoandikwa kwenye sufuria. Mama aliyekunywa dawa hizo amwambie muuguzi bila kuona haya, na muuguzi naye asimkaripie, maana akikaripiwa leo kesho ataficha.

Nitatoa mfano mmoja. Likizo ya Desemba wifi yangu, mwenye mimba ya miezi sita, aliumwa sana mgongo na kiuno. Katika duka moja aliuzwa diklofenaki, na muuzaji hakumwuliza lolote. Nilipoisoma karatasi nikaona mja mzito asiitumie bila shauri la daktari. Mama alisema, "Tusibahatishe," tukaenda zahanati kwa miguu. Muuguzi alimpima mkojo, akaona ana ugonjwa wa njia ya mkojo, akampa dawa inayomfaa. Kama angalimeza vidonge vile, maumivu yangalitulia na ugonjwa ungalibaki ukimla ndani kwa ndani. Mtoto alizaliwa Machi, na sasa anatambaa.

KUACHA DAWA NAKO KWAWEZA KUDHURU

Wapo akina mama ambao, wakisha kujua wana mimba, huacha dawa zote kwa kumpenda mtoto. Mwenye kifafa akiacha ghafula huweza kuanguka vibaya, akaumia yeye na aliye tumboni. Ni kweli iko dawa ya kifafa, valproeti, inayojulikana kuharibu maumbile na akili ya mtoto. Lakini ni daktari anayepaswa kuibadili, tena ikiwezekana kabla ya mimba. Mwenye virusi vya Ukimwi akiacha dawa zake, virusi huongezeka na mtoto huweza kuambukizwa. Akizitumia kila siku, mtoto kwa kawaida huzaliwa salama. Vivyo hivyo kwa wenye kisukari, pumu na shinikizo la damu.

MAMA ANYONYESHAYE

Dawa nyingi huingia katika maziwa ya mama, lakini aghalabu kwa kiasi kidogo sana kisichomdhuru mtoto. Kwa hiyo mama akipewa dawa asikimbilie kumwachisha ziwa. Mtoto anapaswa kunyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, na kuendelea kunyonya pamoja na chakula hadi miaka miwili au zaidi. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji machafu huleta kuhara, na kuhara huua watoto wengi kuliko vidonge vya mama zao.

Hata hivyo ziko za kuepuka. Kodeini, iliyomo katika baadhi ya dawa za maumivu na za kikohozi, hugeuzwa na ini kuwa mofini. Wako watu ambao maini yao huigeuza upesi mno, na mtoto anyonyaye huweza kulala usingizi mzito hata akashindwa kupumua. Mwaka 2017 wakaguzi wa dawa wa Marekani walitoa onyo akina mama wanaonyonyesha wasiitumie. Mtoto akilala kupita kawaida au akikataa ziwa baada ya mama kumeza dawa yoyote, apelekwe hospitali mara moja.

MASWALI MANNE

Kabla mama hajameza dawa, tumsaidie kuuliza haya: Je, aliyenipa anajua kuwa nina mimba au nanyonyesha? Dawa hii yatibu nini hasa? Niimeze kiasi gani, na kwa siku ngapi? Nina dawa nyingine ninazotumia ambazo hazipatani nayo?

Na kadi ya kliniki ibebwe kila aendako, hata dukani. Ndugu wasomaji, likizo ijayo mkipewa karatasi ile ya herufi ndogo, isomeni yote mpaka mwisho, tena kwa Kiswahili, ili mama asikie. Msipoielewa, semeni wazi kuwa hamkuielewa, kisha mwende naye zahanati.