Kijana, Tunza Sauti Yako: Mazoezi kwa Wanakwaya na Wasomaji



Vijana wenzangu, huku kwetu Nachingwea na Ruangwa, msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho ukifika, wanakwaya wengi huanza kukohoa. Asubuhi uko shambani na vumbi la salfa, jioni uko mazoezini unashindana na kinanda na spika. Jumapili sauti imekauka, zaburi haisikiki. Wengine huacha kabisa kuimba wakidhani kipaji kimeisha. Jamani, mara nyingi ni suala la matunzo tu.

Niliposoma falsafa nilipenda hoja moja ya Aristotle katika kitabu chake kuhusu roho: si kila mlio utokao kooni ni sauti. Kikohozi, kwa mfano, siyo. Sauti ni mlio wenye maana, wa kiumbe chenye roho. Basi ukiitunza sauti, unamtunza mtu mzima.

Fanya haya kila siku, dakika 10 zinatosha:

1. Pumzi. Simama wima, mabega yasipande. Vuta hewa kwa pua, tumbo lijae, kisha itoe polepole kwa "sss" hadi sekunde 15.

2. Mvumo. Funga midomo, vumisha "mmm" taratibu mpaka uhisi mtetemo midomoni na puani.

3. Midomo. Itetemeshe, "brrr", kama mtoto anayeigiza pikipiki, ukipanda na kushuka.

4. Mrija. Vumisha wimbo kupitia mrija wa soda. Nyuzi za sauti hufanya kazi bila kugongana kwa nguvu.

Sasa, yale mayai mabichi kabla ya misa? Hayasaidii. Tunachomeza hupita njia ya chakula, hakigusi nyuzi za sauti. Kunywa maji tangu asubuhi. Shambani vaa barakoa. Sauti ikichoka, nyamaza. Kunong'ona si kupumzika. Ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali.

Tarehe 3 Februari, kumbukumbu ya Mtakatifu Blasi, Kanisa hubariki makoo yetu kwa mishumaa miwili. Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba neema haiondoi maumbile, huyakamilisha. Pokea baraka, na mazoezi ufanye.

Jiulize leo: sauti niliyopewa naichosha kwa kelele, au naitunza kwa ajili ya sifa?

Mtakatifu Blasi, utuombee.