Mtetemo Unaopima Kugeuka kwa Gari

Basi likipita kwa kasi kwenye utelezi, mara nyingine hugeuka upande bila dereva kukata kona. Hapo watu hupoteza maisha. Siku hizi magari mengi yana chombo kidogo kinachotambua jambo hilo mapema. Hebu tujifunze kinavyofanya kazi.

JARIBIO
1. Chukua kigoda cha miguu minne. Kipindue, miguu iwe juu.
2. Funga fimbo kutoka mguu mmoja hadi mguu wa pembe ya pili.
3. Katikati ya fimbo ning'iniza jiwe dogo kwa uzi. Jiwe lisiguse chini.
4. Bembeza jiwe kuelekea mlangoni. Kisha zungusha kigoda polepole bila kukitikisa.

Umeona nini? Kigoda kinageuka, lakini jiwe bado linabembea kuelekea mlangoni. Sisimizi aliyepanda kigodani ataona vingine. Kwake yeye, jiwe ndilo lililoacha njia yake. Mwaka 1851, mjini Paris, Mfaransa Léon Foucault alining'iniza tufe la kilo 28 kwa waya wa meta 67. Kwa njia hii aliwaonyesha watu kwamba dunia inazunguka.

NDANI YA GARI
Chombo cha gari kina kipande kidogo sana kinachotetemeshwa kwa umeme, maelfu ya mara kwa sekunde. Gari likienda moja kwa moja, kipande hutetema kwenye njia yake tu. Gari likigeuka, huanza kutetema upande pia. Likigeuka haraka zaidi, mtetemo wa upande nao huzidi. Mitambo ya umeme hupima mtetemo huo na kutoa hesabu ya nyuzi kwa sekunde. Duara zima ni nyuzi 360.

Kompyuta ya gari hulinganisha hesabu hiyo na usukani. Gari likigeuka kupita usukani unavyotaka, kompyuta hukamata breki ya gurudumu moja ili gari lirudi njiani.

TAHADHARI
Mbele ya dereva kuna taa yenye picha ya gari linaloteleza. Ikiwaka na kuzimika safarini, gari linateleza: punguza mwendo. Ikibaki imewaka, mwone fundi. Lakini kumbuka, chombo hiki hakishindi mwendo wa kasi wala tairi kipara.

MASWALI
1. Gari limezunguka duara zima kwa sekunde 40. Limegeuka nyuzi ngapi kila sekunde? (Jibu: 9)
2. Jadilianeni: abiria wafanye nini dereva akikimbiza gari kwenye tope?