Ulimi Unenepapo: Tabibu wa Kinywa Ajibu Maswali juu ya Amiloidosisi

Swali: Amiloidosisi ni maradhi gani?

Ni jamii ya maradhi ambayo asili yake ni protini iliyojikunja visivyo, ikawa nyuzi ngumu ambazo mwili hauwezi kuziyeyusha, nazo zikajilimbikiza katika moyo, figo, neva na ulimi hata viungo hivyo vikapoteza ulaini na kazi yake. Ile ionekanayo zaidi kinywani huitwa AL, nayo hutokana na seli za plazma zilizomo katika uboho wa mifupa.

Swali: Ni dalili zipi za kutilia shaka?

Iliyo dhahiri ni ulimi unenepao ukubwani, mgumu ukibonyezwa, wenye alama za meno kandokando. Lakini usiingoje hiyo, kwani wenye AL waipatao hawafiki robo. Wengine hulalamikia ukavu wa kinywa, maana tezi za mate zimevamiwa, au hutoka malengelenge ya damu. Hata hivyo, si kila ulimi unenepao ni wa amiloidosisi: upungufu wa homoni za tezi ya shingo nao hukuza ulimi. Illa mgonjwa akiwa pia na mavilio ya damu ya rangi ya zambarau kuzunguka macho bila ya kupigwa, ganzi ya vidole, au povu katika mkojo, shaka huwa nzito.

Swali: Kipande cha kupimwa hukatwa ulimini?

Sipendi kuanzia hapo, ila pakiwa na kivimbe cha pekee, kwa kuwa ulimi hutoka damu nyingi. Afadhali upande wa ndani wa mdomo wa chini, ambapo kwa sindano ya ganzi na mpasuo mdogo hutolewa vitezi vichache vya mate. Ufizi nao waweza kukatwa, lakini hukosa amiloidi mara nyingi zaidi. Kabla ya kisu sharti ipimwe namna damu inavyoganda, maana amiloidi huweza kuipunguzia damu kigandishi cha kumi. Na kipande kikionekana safi, maradhi hayajakanushika: hutafutwa katika mafuta ya tumbo au uboho.

Swali: Maabara huthibitishaje?

Kwa rangi nyekundu ya Kongo, iliyobuniwa Ujerumani kwa ajili ya kutia nguo za pamba, ambayo Hans Bennhold aligundua mwaka 1922 kuwa hushikana na amiloidi. Na katika hadubini ya nuru iliyochujwa, amiloidi hiyo hung'aa kijani cha tofaa bichi. Wengi hudhani hapo kazi imekwisha, ilhali rangi hiyo hueleza kuwa amiloidi ipo, haielezi ni ya protini gani. AL hutibiwa kwa dawa za kuangamiza seli za plazma. Aina nyingine, iitwayo AA, ifuatayo maradhi ya muda mrefu kama kifua kikuu, ukoma au baridi yabisi, hutibiwa kwa kuuzima ugonjwa ulioizaa. Kumpa huyu dawa za yule ni kumdhuru bure, hivyo aina ya protini haina budi kutambuliwa kwanza.

Nawe daktari upelekaye kipande maabara, andika katika fomu shaka yako na uombe rangi ya Kongo kwa jina, kwani si rangi itiwayo kila kipande.