Jirani Akiezeka Mabati

Somo la ushirika wa nyumbani
Maandiko ya kusoma: Mathayo 20:1-16, Mhubiri 4:4-12, Luka 15:25-32

Jumapili iliyopita mchungaji alituuliza swali lililofanya kanisa zima linyamaze. Aliuliza: "Mara ya mwisho jirani yako alipobarikiwa, wewe ulilala vizuri?" Watu walicheka, halafu kicheko kikaisha haraka. Jibu tulikuwa nalo, ila hakuna aliyetaka kulisema mbele ya jirani yake.

Wiki hii tutakaa na swali hilo. Kila Ijumaa kwenye kesha tunaomba mambo mawili: Mungu atuinue kimaisha, na Mungu atupe furaha. Tunayaomba kwa pumzi moja kana kwamba la kwanza likifika, la pili limepanda gari hilo hilo. Je, ni kweli? Hebu tuanze na jambo lililotokea hapa hapa kwetu Kenya.

Pesa iliyoingia Rarieda

Mwaka 2011 shirika linaloitwa GiveDirectly lilianza kutumia familia maskini za Rarieda, kaunti ya Siaya, pesa kwa M-Pesa. Haukuwa mkopo, na hakukuwa na masharti. Waliolengwa ni wale wa nyumba za nyasi, na hata kati ya hao walipata baadhi tu, kama kwa kura. Wengine walipata shilingi 25,200, wengine shilingi 95,200. Watafiti wawili, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, wakafuatilia kuona maisha ya waliopata na waliokosa yameendaje.

Waliopata walikula vizuri zaidi. Walinunua mifugo, na wengi wakatoa nyasi wakaezeka mabati. Walipoulizwa habari za moyo, walikuwa na furaha zaidi na mahangaiko yao yalikuwa yamepungua. Na wale waliotabiri ati pesa yote ingeishia kwa pombe na sigara, walikosea: matumizi hayo hayakuongezeka.

Nimelisema hili mapema kwa sababu kuna mahubiri ambayo mtu aliyeshiba hupenda kuwahubiria wenye njaa, kwamba pesa haina furaha. Mwambie hivyo mama ambaye watoto wake wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mwambie mtu anayeamka saa nane za usiku kuhamisha godoro kwa sababu nyasi zinavuja. Umaskini unauma, na Biblia haijawahi kuuficha uchungu huo. Ukiweza kuezeka mabati, mpendwa, ezeka, na umshukuru Mungu bila kuona haya.

Lakini habari ya Rarieda ina upande wa pili, na ndio ulionifanya niandike somo hili.

Mwaka 2015 watafiti hao wawili, pamoja na mwenzao James Reisinger, walitoa maandishi mengine. Safari hii waliangalia majirani. Hawa hakuna aliyewanyang'anya kitu. Shamba lilikuwa lile lile, kuku wale wale, kisima kile kile. Lakini kijiji kilipopata pesa na wao wakakosa, walipoulizwa wanaridhika kiasi gani na maisha yao, majibu yao yalishuka. Tena yalishuka sana: kuridhika kulikopotea kwa sababu ya mali ya majirani kulizidi kule ambako pesa ilimletea aliyeipokea. Maisha yao yenyewe yalikuwa hayajabadilika. Kilichobadilika ni paa waliloliangalia wakifungua mlango asubuhi.

Haki isemwe, hali hiyo haikudumu. Baada ya muda watu walizoea na ule uchungu ukafifia. Lakini mtu anaweza kuharibu urafiki wa miaka kumi katika muda mfupi kuliko huo.

Dinari ile ile

Sasa fungua Mathayo 20. Yeyote aliyewahi kusimama alfajiri na watu wa mjengo, akingoja fundi aje kuchagua vibarua, anajua furaha ya wale walioitwa kwanza. Saa moja asubuhi una kazi! Mshahara mmeshapatana, dinari moja, na ni mshahara halali wa siku. Watoto watakula. Unaingia shambani ukiimba.

Mchana kutwa dinari hiyo ilikuwa nzuri. Iliharibika jioni, dakika ile walipowaona walioingia saa kumi na moja wakipewa dinari kama yao. Dinari yenyewe haikupungua hata chembe. Ingenunua unga ule ule. Lakini waliipokea wakinung'unika, na nadhani waliila wakinung'unika.

Nikisema ukweli, mfano huu ulinikera miaka mingi. Mimi nilikuwa upande wa watu wa asubuhi, na moyoni nilimwona yule mwenye shamba kama hana hesabu. Ilinichukua muda kuona kwamba Bwana Yesu hakuwa anafundisha hesabu ya mishahara. Alikuwa anatuonyesha jicho, na mwenye shamba anawauliza juu ya jicho hilo waziwazi katika mstari wa 15.

Wachumi nao wamelikuta jicho hili kwa njia yao. Mwaka 1974 Mmarekani mmoja, Richard Easterlin, aliandika kwamba ndani ya nchi moja matajiri husema wana furaha kuliko maskini, lakini nchi yenyewe ikikua kiuchumi mwaka hadi mwaka, watu wake kwa jumla hawaongezeki furaha kwa kiasi hicho. Aliangalia Marekani tangu 1946 hadi 1970: mapato yalipanda sana, majibu ya furaha hayakupanda nayo. Wasomi wengine wamempinga na mabishano hayajaisha. Lakini maelezo yake mtu wa mtaani anayaelewa bila kwenda chuo. Ukinunua pikipiki mahali watu wana baiskeli, wewe ni tajiri. Siku wote wakiwa na magari, pikipiki ile ile inaanza kukuaibisha, hata kama inawaka kwa kiki moja. Mhubiri 4:4 alikuwa ameshaona kwamba bidii nyingi ya watu inasukumwa na kumwangalia jirani.

Na hapa kuna jambo la kushangaza. Kati ya 2014 na 2017, huko huko Siaya, ulifanywa utafiti mkubwa zaidi: vijiji 653, na zaidi ya familia 10,500 zilizopewa kila moja kama dola 1,000. Safari hii ilionekana wazi kwamba hata waliokosa walifaidika. Aliyepata aliita fundi, akanunua dukani, akaagiza mbao. Pesa ikazunguka, na familia ambazo hazikutumiwa chochote nazo zikaanza kutumia zaidi, bila bei za vitu kupanda kwa kiasi cha maana. Kumbe baraka ya jirani inaweza kuingia mfukoni mwako kwa mlango wa nyuma, huku wewe umesimama mlango wa mbele ukikunjia paa lake uso.

Geti

Mhubiri anaendelea, 4:8, na mtu mmoja wa kusikitisha. Yuko peke yake, hana mwana wala ndugu, na anafanya kazi bila kupumzika, wala macho yake hayashibi mali. Hajawahi kujiuliza anamtafutia nani. Mara tu baada ya huyo ndipo inakuja ile mistari tunayoipenda kwenye harusi, ya wawili kuwa bora kuliko mmoja. Sisi huanzia hapo, tukamruka yule mtu.

Kule Harvard, Marekani, kuna utafiti ulioanza mwaka 1938 ambao umefuata maisha ya wanaume kwa miongo mingi, wengine wanafunzi wa chuo hicho, wengine vijana wa mitaa maskini ya Boston. Robert Waldinger, ambaye ameuongoza, husema kwamba ukitaka kujua nani angefika miaka 80 akiwa na afya, ungeangalia jinsi alivyoridhika na watu wake akiwa na miaka 50, kuliko kuangalia mafuta katika damu yake.

Wengi wetu tulianza maisha kwenye ploti. Bomba moja, choo kimoja, kamba moja ya kuanika nguo. Tuligombana, ndiyo. Lakini chumvi ikiisha unabisha mlango wa pili, na ukichelewa kazini mtoto wako ameshakula kwa mama fulani. Halafu Mungu akatuinua. Tukahamia nyumba yenye geti, na kwenye geti tukaandika mbwa mkali. Wengine tumebarikiwa mpaka hatujui jina la anayeishi ukuta wa pili. Kukiwa na matanga tunatuma mchango kwa simu na tunajisikia tumefika.

Lakini si aliyeinuka peke yake anayekata kamba. Aliyebaki nyuma naye hukata, kimyakimya. Anaacha kuja ushirika kwa sababu kila wiki kuna mchango, na jina lake linasomwa mwisho au halisomwi kabisa. Hapo mimi naona kanisa tuna kosa. Tunasoma majina ya watoaji kwa sauti, kutoka juu kwenda chini, halafu tunauliza dada fulani alipotelea wapi. Yakobo aliandika sura ya pili ya barua yake kuhusu viti vya mbele na viti vya chini, na sisi tumeongeza kipaza sauti. Hata ushuhuda wetu tuuangalie. Kushuhudia gari jipya ni haki yako, Mungu apewe sifa. Lakini kwenye benchi hilo kuna mtu aliyefunga na kuomba nawe miaka yote hiyo, na yeye bado anapanda matatu. Umemtaja? Ulimwambia kabla hujapanda madhabahuni?

Jambo hili si dogo. Mwaka 2007 uchumi wa Kenya ulikua kwa karibu asilimia 7, mwaka mzuri kwa hesabu za serikali. Mwaka huo huo ulifungwa na majirani wakichomeana nyumba, na ghasia zilipoisha mapema 2008 zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekufa. Sababu zilikuwa nyingi, uchaguzi na ardhi na siasa za miaka. Lakini ile asilimia 7 haikumzuia mtu kumgeukia jirani aliyemjua kwa jina.

Deni langu

Sitaki mdhani naandika haya nikiwa juu ya mlima. Kuna ndugu tuliishi naye ploti moja miaka sita. Mwisho wa mwezi nikiishiwa, nilikula kwake, na sufuria yake naijua kuliko yangu. Kisha akapata kazi nzuri, akanunua kiwanja, akajenga. Akanialika siku ya kuiweka nyumba wakfu. Nilimwambia nina kazi nje ya mji.

Sikuwa na kazi yoyote. Siku hiyo ya Jumamosi nilishinda kitandani nikisikiliza redio. Na kinachoniaibisha zaidi ni kwamba mwaka huo huo nilikuwa nimeongezwa mshahara. Maisha yangu yalikuwa yamepanda. Ni yake tu yaliyopanda zaidi.

Yule mwana mkubwa wa Luka 15 namfahamu, kwa hivyo. Anarudi kutoka shambani, anasikia ngoma, anakataa kuingia. Baba anatoka nje kumbembeleza na kumkumbusha kwamba vyote vilivyomo ni vyake. Analalamikia mwana-mbuzi, na zizi zima ni lake! Hadithi inaisha akiwa bado nje. Hatuambiwi kama aliingia.

Mimi niliingia mwezi uliopita, nimechelewa miaka mitatu. Nilibeba sukari na majani chai kama mgeni. Mama watoto wake alifungua geti akasema, "Umepotea, shemeji," na hakuongeza lolote. Ndugu yangu akanizungusha chumba kwa chumba, na nilipofika chumba cha watoto nikaona karai sakafuni. Mabati yanavuja pale kwenye kona, na amemwita fundi mara mbili. Tulikaa chini ya lile karai tukacheka mpaka watoto wakaja kuuliza kuna nini. Kisha nikamshikia ngazi akapanda kuangalia.

Kwa ushirika wa Jumatano: someni Luka 15:25-32 kwa sauti, halafu jibuni swali la mchungaji, kila mtu kwa zamu, asiyetaka apite. Baada ya hapo hesabuni ni nani amenyamaza katika ushirika wenu tangu maisha yake yapande, na nani tangu yashuke. Andikeni ni nani atakwenda kwake, na siku gani. Wiki hiyo msikusanye mchango.