Somo la mwezi: Kuuza umeme wa jua bila mnunuzi wa siku zote



Hapa Kashebere kila mtu anajua tofauti hii: kuuza maharagi kwa mteja mwenye kuandika bei mbele ya mavuno, na kubeba gunia mpaka sokoni bila kujua bei ya siku. Umeme wa jua nao ni vile vile. Somo hili linaeleza namna unavyouzwa kati ya inchi na inchi, na juu ya nini jambo hilo linatuangalia sisi tunaosaga kwa mazutu.

1. Njia ya zamani: mkataba mrefu

Jua ni la bure, lakini plake, nyaya na deni la banki si bure. Mwenye kujenga anatoa feza karibu yote mwanzoni. Kwa hiyo banki inamuuliza: nani atanunua, kwa bei gani, miaka mingapi? Mara nyingi mnunuzi ni kampuni ya serikali, na mkataba unafika miaka 20 ao 25. Lakini kama kampuni ile haina feza, mkataba unabaki karatasi tu, na mtambo haujengwi.

2. Njia ya pili: soko la inchi nyingi

Tangu mwaka 1995 inchi za kusini mwa Afrika ziko na muungano wa umeme unaoitwa SAPP. Kongo yetu iko ndani, kupitia SNEL. Katika soko lake, muuzaji anasema leo: kesho, saa fulani, nitaleta kiasi hiki kwa bei hii. Mnunuzi naye anasema yake. Soko linalinganisha, saa kwa saa.

Kule Zambia, kampuni GreenCo inanunua umeme kwa watengenezaji binafsi, kisha inauzia wateja mbalimbali pamoja na soko hilo. Mteja mmoja akishindwa kulipa, umeme unatafutiwa mwingine. Angalieni vizuri: hiyo ni kazi ya koperative, kukusanya mali ya wengi na kuuzia wengi.

3. Hatari tatu

Saa. Plake zote zinatoa umeme mwingi saa sita ya mchana. Wauzaji wakijaa pamoja, bei inashuka, kama maharagi wakati wa mavuno. Magaribi watu wanawasha taa, bei inapanda, lakini jua limezama. Batri ndiyo depo yetu ya kungojea bei, ila depo nayo iko na gharama.

Njia. Waya ukijaa ao ukikatika, umeme haupiti, hata kama mnunuzi anangoja. Tunajua hivyo kwa barabara wakati wa mvua.

Deni. Bei inapanda na kushuka, lakini banki inataka malipo kila mwezi.

4. Na sisi hapa?

Tusidanganyane: nyaya za soko lile zinafika Katanga, hazifiki Kivu ya Kaskazini. Huku kwetu kuna mitambo ya Ruzizi, inayotumiwa pamoja na Rwanda na Burundi. Kuna maji ya Matebe kule Rutshuru. Na Goma kampuni Nuru ilijenga mtambo wa jua wa megawati 1.3. Sheria ya mwezi wa sita 2014 imefungulia watu binafsi kazi ya umeme.

Basi mtu akija na mpango wa plake kwa kijiji, ataangalia jambo lile lile: nani atanunua mchana? Manyumba yanataka taa na simu, tena usiku. Mashine ya kusaga inafanya kazi mchana. Koperative yenye mashine ndiyo mnunuzi anayetafutwa, kwa hiyo iko na nguvu ya kubishana bei.

Tufanye hesabu. Mota ya kilowati 7.5 ikifanya kazi kwa nguvu yote saa 4 kwa siku, inakula kilowati-saa 30. Kwa siku 24 za kazi, ni 720 kwa mwezi. Zidisheni mara bei mliyoambiwa, kisha mlinganishe na feza ya mazutu, mafuta ya mashine na vipuri.

Jihadari na mkataba unaosema mtalipa kiasi kile kile hata kama hamkutumia. Vita vikitukimbiza, mashine inasimama, lakini deni linaendelea kutembea. Ombeni iandikwe kwamba wakati wa kukimbia malipo yanasimama.

5. Maulizo ya kuzungumza katika mkutano

• Mwezi uliopita tulitumia mazutu ya feza ngapi?
• Tunasaga saa gani? Tunaweza kuhamisha kazi saa ya jua kali?
• Nani atatengeneza plake na batri zikiharibika, na nani atalipa?
• Bei itabadilishwa na nani, na mbele ya mashahidi gani?

Mwandishi wa koperative aandike majibu katika kaye. Siku mwenye mpango atakapofika, mumpokee na hesabu mkononi.