Kuunganisha Nakala za Programu Zilizotawanyika

Soma mfano huu ukiwa na kalamu. Tuseme klabu ya kompyuta ina programu ya kukokotoa makato ya mchimbaji mdogo anayeuza dhahabu. Iliandikwa wakati mrabaha ni 4%, hivyo mstari wake unasema 0.04. Ikasambaa kwa flashi: nakala moja Kahama, nyingine Geita, nyingine Shinyanga mjini. Mwaka 2017 mrabaha ukapanda hadi 6%, na ada ya ukaguzi ya 1% ikaanza. Kila kundi likarekebisha kivyake.

Usianze kunakili na kubandika. Tumia Git, programu aliyoiandika Linus Torvalds mwaka 2005. Hifadhi kwanza nakala mama, yaani ile ya zamani, kisha ipe kila nakala tawi lake kuanzia hapo. Wengi huruka hatua hii. Bila mama, Git haiwezi kujua nani alibadili nini.

Kahama hawakugusa 0.04, ila waliongeza risiti. Geita waliandika 0.06, na chini kabisa wakaongeza 0.01 ya ukaguzi. Matawi haya huungana bila ugomvi: unapata 0.06, ukaguzi na risiti.

Shinyanga waliandika 0.07 kwenye mstari uleule wa mrabaha. Hapo Git husimama na kukuonesha mgongano, kwani haijui sheria. Ukichagua 0.07 bila kusoma chini, ukaguzi utakatwa mara mbili: kwa dhahabu ya shilingi 5,000,000, mchimbaji atakatwa 400,000 badala ya 350,000.

Swali: Utabakiza mstari upi? Eleza sababu.