Terminali Ikijifunga Ghafla: Tafuta Kwanza Aliyeifunga

Umeacha amri ndefu ikiendelea, umegeuka kujibu simu, ukirudi dirisha la terminali halipo. Hakuna onyo wala maelezo. Wengi hukimbilia kuondoa terminali na kuisakinisha upya, na aghalabu tatizo hurudi siku hiyohiyo, kwa sababu terminali yenyewe haikuwa na kosa.

Katika kila dirisha kuna wahusika watatu: terminali inayochora herufi kwenye skrini, bash au zsh inayopokea amri zako, na programu uliyoiita. Chini yao iko keneli ya Linux, yenye mamlaka ya kumwondoa yeyote. Ukishajua nani kati yao aliyemaliza kazi, nusu ya matengenezo imekwisha. Mifano ifuatayo ni ya Ubuntu inayotumia GNOME Terminal, lakini mengi yanafaa mifumo mingine ya Linux.

Dirisha linafunguka na kujifunga papo hapo

Hapa mshukiwa ni bash, hasa faili la `.bashrc` inalolisoma kila inapoanza. Neno `exit` lililoachwa humo linatosha kufunga dirisha kabla hujaandika chochote. `set -e` ni mbaya zaidi kwa kuwa husubiri: dirisha linafunguka vizuri, kisha unakosea jina la faili moja katika `ls`, na lote linatoweka.

Fungua kidhibiti faili, bonyeza Ctrl+H ili mafaili yaliyofichwa yaonekane, kisha lipe `.bashrc` jina jingine kwa muda. Terminali ikitulia, kosa limo ndani ya faili hilo. Lifungue kwa kihariri na ukague mistari uliyoongeza karibuni.

Kosa la aina hiyohiyo hutokea unapoendesha hati kwa `source jaribio.sh`. Ikiwa hati ina `exit`, inayofungwa ni bash yako mwenyewe. Tumia `bash jaribio.sh`, nayo itaishia kwake.

Ili usipoteze ujumbe wa mwisho, ingia kwenye mapendeleo ya GNOME Terminal, chagua wasifu wako, na katika sehemu ya amri uagize dirisha libaki wazi amri inapomalizika.

Linafungwa katikati ya kazi nzito

Hii ndiyo hali inayosumbua watu zaidi, na chanzo chake cha kawaida ni RAM kujaa. Keneli ikikosa nafasi huchagua programu na kuiua bila kukuuliza. Tangu toleo la 22.04, Ubuntu ya kompyuta za mezani ina pia mlinzi mwingine, systemd-oomd, anayeingilia mapema zaidi. Huyu huondoa kundi zima la programu zinazokaa pamoja, kwa hiyo kichupo kizima cha terminali kinaweza kwenda na kila kilichokuwemo.

Uliza logi:

`sudo journalctl -k -b | grep -i "killed process"`
`sudo journalctl -u systemd-oomd -b`

Ukikuta mstari wenye `Out of memory: Killed process 4182`, ukifuatiwa na jina la programu, jibu umelipata. Ikiwa kompyuta imewashwa upya tangu tukio, andika `-b -1` badala ya `-b`. Tiba ni kupunguza mzigo: funga vichupo vya kivinjari, gawa kazi mafungu madogo, au ongeza nafasi ya swap. Tazama hali kwa `free -h` kabla ya kuanza tena.

Ikiwa iliyokufa ni programu tu na dirisha limebaki, andika mara moja `echo $?`. Namba 137 maana yake imeuawa kwa nguvu, mara nyingi kwa sababu ya RAM. 139 maana yake imegusa sehemu ya RAM isiyo yake, na hilo ni kosa la programu yenyewe. 143 maana yake imeombwa ifunge.

Madirisha yote yanapotea kwa pamoja

Madirisha ya GNOME Terminal kwa kawaida huendeshwa na mchakato mmoja, `gnome-terminal-server`. Ukianguka huo, yote yameondoka. Angalia `/var/crash` kama kuna ripoti, na upime diski kwa `df -h`: ukiruhusu terminali ihifadhi mistari bila kikomo, huiandika kwenye mafaili ya muda, na amri yenye maneno mengi inaweza kujaza diski.

Haifunguki kabisa

Bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate skrini ya maandishi matupu, kisha uingie kwa jina na nywila. Kwa kawaida unarudi kwenye madirisha kwa Ctrl+Alt+F2. Kagua mambo mawili. Kwanza, `locale`: GNOME Terminal hukataa kuanza pasipo UTF-8. Pili, kama ulibadilisha python3 ya mfumo ili upate toleo jipya, irudishe. Katika Ubuntu, amri ya kuifungua terminali hii hupitia hati ya Python.

Imeganda tu

Huenda umegusa Ctrl+S, kitufe kinachosimamisha maandishi. Bonyeza Ctrl+Q. Herufi zikivurugika baada ya kusoma faili lisilo la maandishi, andika `reset`, hata kama huoni unachoandika.

Linda kazi kabla ya tukio jingine

Kwa kazi yoyote ya muda mrefu, tumia tmux, programu inayoshikilia kikao bila kutegemea dirisha: anza na `tmux new -s kazi`. Dirisha likifungwa, au bando likikata ukiwa kwenye seva ya mbali, kazi huendelea. Ukirudi andika `tmux attach -t kazi`. Umeme ukikatika au RAM ikijaa, tmux haiokoi, kwa hiyo hifadhi matokeo kwenye faili kadiri unavyoendelea.

Ukiwa na hakika kosa ni la terminali, `ubuntu-bug gnome-terminal` itakukusanyia taarifa za kuwatumia watengenezaji. Taja toleo, ulichokuwa ukifanya na saa ya tukio. Usibandike faili la `/var/crash` hadharani: linaweza kubeba yaliyokuwa kwenye RAM wakati huo, zikiwemo nywila ulizoandika.